Dada Jonali na Vinundu Goigoi

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika maabara yetu ya saratani hapa Guwahati, Dada Jonali Handique anastaafu Ijumaa, tarehe 30 Aprili. Uongozi umemwandalia gamosa, kitambaa cha heshima cha kumvika shingoni, na hotuba saba. Yeye mwenyewe hakupangiwa hata dakika moja ya kusema.

Alianza kwa kuosha vyombo vya kioo, akapanda hadi kuwa fundi mkuu. Kwa miaka kumi ya mwisho amelea vinundu: chembe za uvimbe wa titi la mgonjwa huoteshwa kwenye visahani, zikawa vinundu vidogo kuliko punje ya ulezi, kisha dawa hujaribiwa humo kwanza. Mradi ulipewa jina kwa mbwembwe, "Tofauti za Jeni". Mkurugenzi wetu, Daktari Baruah, akaamuru kinundu kisichokua ndani ya wiki mbili kitupwe. Yaani tulichunguza tofauti kwa kutupa kila kilichotofautiana. Na huyo ndiye msomi wetu!

"Haya magoigoi ni takataka, Jonali," alisema.

"Labda yana usingizi tu, Daktari," akajibu, akabeba visahani kumi na saba hadi kwenye kabati kuukuu la joto kule stoo. Akavibadilishia chakula kila siku ya tatu, hata wakati wa sikukuu ya Bihu, sisi tukiwa makwetu tunakula vitumbua vya pitha. Mwezi wa pili wa malezi hayo vikaota. Dawa iliyoua vinundu vyote vya mkurugenzi haikuvigusa hivi.

Kimoja kilitoka kwa Phulmoni Tanti, mchuma chai wa Jorhat, ambaye alikuwa akitibiwa kwa dawa hiyohiyo huku uvimbe ukizidi. Dada Jonali alisimama mlangoni kwa daktari wa Phulmoni siku tatu mpaka akasikilizwa. Vipimo vikarudiwa, dawa ikabadilishwa. Phulmoni yu hai, na mwezi uliopita alituletea majani ya chai.

Makala ya utafiti kuhusu vinundu hivyo ikaandikwa: majina kumi na mawili, na mkurugenzi akajitwalia sifa zote. Jonali hakuwamo. Alishukuriwa mwishoni, pamoja na fundi wa majokofu.

"Mdogo wangu, mbona mimi simo?" aliniuliza.

Nikamwambia makala imeshapelekwa jaridani. Ilikuwa bado mezani kwangu, na jina langu ni la nne.

Dada, ahsante kwa kazi yako. Tunakuombea afya na siku nyingi za raha. Msamaha siuombi kwenye karatasi. Nitakuja mwenyewe nyumbani kwako.