Ketill Hallsson wa Bjargvík, na Nyumba Yake ya Magazeti Mawili

Marehemu Ketill Hallsson alizaliwa tarehe 14 Machi 1941 katika shamba la Hóll, nje kidogo ya Bjargvík, akiwa kitinda mimba wa Hallur Ketilsson na Jórunn Bjarnadóttir. Kuta za chumba walicholala zilibandikwa magazeti ya zamani kuzuia upepo, na hapo ndipo alipojifunzia kusoma. Habari zilikatika pale karatasi moja ilipoifunika nyingine, naye akawa anabandua pembe polepole kutafuta mwisho wake. Mama yake alimwambia kwamba akiendelea kudadisi hivyo, wote watakufa kwa baridi.

Alisomeshwa na mwalimu aliyezunguka mashambani, kisha akamaliza shule ya Bjargvík mwaka 1955. Hakuendelea, maana samaki walikuwa wengi na mikono michache. Alipima samaki kiwandani hadi mwaka 1998. Kuanzia 1967 alikuwa pia mwandishi wa gazeti la taifa huku kwetu, akipiga simu mji mkuu, Reykjavík, kueleza barabara zilizozibwa na theluji na kondoo waliopotea milimani.

Tarehe 20 Juni 1970 alimuoa Steinvör Oddsdóttir, mwalimu, mwanzilishi wa Skarfur, gazeti letu la wilaya linalotoka kila Jumatano. Walikubaliana kwamba habari haziletwi mezani. Meli ikitia nanga, yeye alishuka kwa njia ya kanisani na mkewe kwa njia ya dukani, na bandarini wakasalimiana kama watu wasiojuana sana. Jirani akija na jambo, aliuliza kwanza mlangoni kama amwambie bwana au bibi.

Waliyashika makubaliano hayo hadi Jumanne moja ya Oktoba 1994. Mhariri wa Reykjavík alimpigia Ketill simu akamweleza kwamba Alhamisi kutakuwa na kikao cha kuifunga shule ya Bjargvík. Habari ingetoka Ijumaa, na mpaka hapo asimwambie mtu. Ketill alikaa na supu ya kondoo mbele yake mpaka mafuta yakaganda. Kazi ile ya uandishi aliipenda kuliko kitu chochote alichowahi kupewa. Mwishowe akasema, "Steinvör, acha nafasi ukurasa wa kwanza."

"Kafa nani?"

"Hajafa mtu. Shule ndiyo inataka kuuawa."

Steinvör alimtazama, akamuuliza kama anajua atafanywa nini. Akasema anajua, na kwamba supu imepoa.

Skarfur ilitoka Jumatano. Alhamisi wazazi walijaa kwenye kikao, wengine na magwanda ya kiwandani, na shule haikufungwa hadi mwaka 2009. Reykjavík hawakumpigia tena. Kuna waliosema alifanya hivyo kwa ajili ya bintiye Ásdís, aliyekuwa darasani wakati ule. Ketill alijibu kwamba Ásdís angefurahia likizo.

Tangu hapo alimkunjia mkewe magazeti kila Jumanne jioni, akilalamika kuhusu vichwa vya habari.

Mapafu yalianza kumsumbua mwaka 2021, na Novemba iliyopita akalazwa hospitali ya mjini. Ásdís alimuuliza kama alijutia ile simu. Akasema, "Nilijuta mpaka Jumatatu. Jumatatu nikasikia kengele ya shule." Alifariki tarehe 3 Februari 2024, asubuhi, mkewe akiwa kando yake.

Wiki hii gazeti la taifa lilipiga simu nyumbani, kijana mmoja mwenye adabu, akiomba kumbukumbu za marehemu ili zichapwe siku ya mazishi, kama ilivyo desturi. Alitaka azipate mapema, Jumanne. Steinvör alimshukuru.

"Mtazipata, mwanangu," akamwambia, "lakini mtangoja. Watu wa hapa watamsoma kwanza, Jumatano."

Marehemu ameacha mjane, Steinvör, binti, Ásdís, mkwe, Sölvi, na wajukuu wawili, Jórunn na Oddur. Ketill, pumzika. Bjargvík imekusoma.