Khattab bin Thani na Bunduki Iliyokwama

Ndugu, jamaa na majirani mliotujia hapa Azaiba siku hii ya tatu ya tanga, mimi Nasr, mwana wa kwanza wa marehemu, nimepewa niisome karatasi aliyoiandika dada yangu Bashayer.

Marehemu baba yetu, Khattab bin Thani, alizaliwa Bububu, Unguja, tarehe 14 Machi 1938, akasoma chuo cha Kurani na skuli huko huko, akaingia Maskati mwaka 1973, akafanya kazi ya kupima visima serikalini hadi alipostaafu mwaka 1993, na mwaka 1975 alimuoa mama yetu, Bakhita binti Amur wa Sidab, wakajaaliwa sisi wawili.

Alipostaafu alizama katika bunduki za kale, zile za kutia risasi moja, ukapiga, ukatia nyingine, akizinunua mbovu na kuzitengeneza mwenyewe, na alikuwa na shabaha ya kuudhi, maana akikushinda hasemi, anakutazama tu.

Alhamisi ya tarehe 12 Februari 1998, harusini kwa Bashayer, aliinua ile kongwe kuliko zote apige hewani kama ilivyo ada, bunduki ikakataa, risasi ikakwama ndani, akaitundika majlisini, chumba cha wageni, akaapa kwamba haigusi mtu kuifungua ila yeye, na mikono yake ilikuwa imeshaanza kutetemeka, kazi hiyo haiwezi tena.

Tangu hapo hakulala nje ya nyumba hii. Shangazi Sayyida alimpigia simu kutoka Unguja kila Idi kumwita, naye jibu lake moja, "Nna risasi nyumbani, ntawawachaje wajukuu nayo?", hata shangazi akafariki tarehe 9 Juni 2003, miaka thelathini hawajaonana.

Karatasi inaendelea na ugonjwa, lakini mimi nna langu kwanza. Mei 1999, baba alipokwenda mazikoni Mawaleh, nilimleta fundi Zahor, akaitoa ile risasi, nikaitundika bunduki vile vile. Nilikusudia kumwambia jioni ile ile. Nikaogopa hasira zake, kisha nikaogopa aibu yangu, na shangazi alipokufa sikuwa na mdomo tena. Miaka saba baba alilinda bunduki tupu, nami nimekaa pembeni yake nikimmiminia kahawa.

Figo zilimshinda, akatutoka Jumatatu, tarehe 6 Novemba 2006, baada ya alasiri, kwenye kitanda alichotaka kitandikwe majlisini ili aione ile bunduki.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani, wenzake wa kazini, na fundi Zahor, aliyenyamaza kwa kuwa nilimbembeleza.

Risasi yenyewe hii hapa mkononi mwangu. Baba, nyumbani hamna kitu cha kulinda, nisamehe, pumzika kwa amani.