Miaka Mitatu Aliyoiongeza Mwalimu Yotamu

Wasikilizaji wapendwa, popote mnapotusikia, sogeeni karibu. Leo tunamkumbuka mtu mmoja. Hakuwa chifu, wala hakuwa tajiri. Alikuwa mwalimu, na alifukuzwa ualimu. Jina lake ni Yotamu Mwaisumo. Amefariki mwezi wa saba mwaka huu wa 1959, katika kijiji cha Ihemba, kwenye vilima vya juu ya Nyololo. Alikufa kwa kichomi, wakati wa baridi kali.

Ihemba ni nchi ya Wahehe na Wabena, lakini Yotamu alikuwa Mnyakyusa wa Rungwe, nchi ya ndizi. Alifika mwaka 1947, kwa miguu kutoka barabara kuu, pamoja na mkewe Atuganile na sanduku moja la vitabu. Wazee walimtazama, wakacheka.

“Kamwene, Mwalimu,” walimsalimu. “Huku hakuna migomba. Utakula nini?”

“Kamwene, wazee,” aliwajibu. “Nitakula mnachokula. Kama ninyi hamjafa, sitakufa mimi.”

Wakampenda kuanzia hapo. Walimjengea shule ya udongo na nyasi, vyumba viwili, na madawati ya magogo. Kila asubuhi aliwasha moto mlangoni ili watoto wapashe vidole joto kabla ya kushika kalamu. Atuganile anasema: “Alikuwa akiwapulizia vidole mmoja mmoja. Nilimwambia, Baba, pumzi itakuishia. Akasema, mwenye vidole vilivyokufa ganzi hawezi kuandika herufi.”

Sasa, wasikilizaji, sikilizeni vizuri hapa, maana kisa chote kinaanzia hapa.

Mwishoni mwa mwaka 1951 ilikuja barua kutoka kwa wakubwa wa elimu. Shule isiyofikisha wanafunzi thelathini na watano, wenye umri wa miaka minane kwenda juu, itafungwa. Yotamu alikuwa nao ishirini na wanne. Alipungukiwa kumi na mmoja. Watoto wakubwa walikuwa wameisha kijijini. Waliobaki walikuwa wadogo, wa miaka mitano au sita.

Mnajua jinsi umri unavyopimwa huko kwetu, ambako mama hakumbuki tarehe bali anakumbuka mwaka wa nzige au mwaka wa baridi iliyoua viazi. Mtoto anapitisha mkono wa kuume juu ya kichwa. Vidole vikigusa sikio la kushoto, amefikia umri wa shule. Visipogusa, arudi nyumbani akakue.

Mwezi wa kwanza mwaka 1952 akina mama walikuja na watoto wao. Wa kwanza alikuwa Lusia, mke wa Saulo, na bintiye Lea. Lea alikuwa na miaka mitano. Alipitisha mkono juu ya kichwa, na vidole vikaishia katikati ya nywele. Lusia akaushika ule mkono akauvuta mpaka mtoto akalia.

“Mama Lea, sikio bado liko mbali,” alisema Yotamu.

“Mwalimu, mikono mifupi ni ya ukoo wao. Hata babu yake hafiki sikio, na sasa ana wajukuu!”

Watu wakaangua kicheko. Yotamu naye akacheka. Halafu akaitazama shule, akawatazama watoto ishirini na wanne waliokuwa ndani wakisoma kwa sauti. Akachukua kalamu. Akaandika: Lea binti Saulo, miaka minane.

Mtoto alikuwa na miaka mitano. Kitabuni aliandikwa miaka minane. Mwalimu alimwongezea mitatu. Na akawaongezea hivyo hivyo wenzake kumi. Jioni alimwambia mkewe, “Leo nimeiokoa shule.” Na kweli aliiokoa. Haikufungwa.

Lea alirudia darasa la kwanza kwa sababu ya udogo wake, kisha akashika kasi. Alipofika darasa la tatu alikuwa akiwasomea wazee barua kutoka kwa watoto wao waliokwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya mbali. Yotamu alizoea kusema, “Huyu atanirithi. Huyu atakuja kusimama mahali hapa.”

Kisha ikaja Januari ya 1956.

Ng'ambo ya mto, maili tano kutoka Ihemba, ilikuwapo shule nyingine, shule ya Lwangu. Wakubwa waliamua kuwa shule hizi mbili ziwe shule moja. Ihemba ibaki na madarasa mawili ya chini, watoto wa miaka saba mpaka minane. Lwangu ichukue darasa la tatu na la nne, watoto wa miaka tisa mpaka kumi na mmoja. Aliyetimiza miaka kumi na miwili hakuwa na nafasi tena. Shule moja, na mwalimu mkuu mmoja. Watu wote walijua kuwa mwalimu mkuu huyo angekuwa Yotamu.

Mkaguzi alikuja kutoka Iringa. Meza ikawekwa uwanjani, kitabu cha majina kikafunguliwa. Alisoma jina, mtoto akatoka mbele, akapelekwa kulia au kushoto. Kulia ni Lwangu. Kushoto ni nyumbani.

“Lea binti Saulo. Miaka kumi na miwili.”

Lea akatoka mbele. Alikuwa na miaka tisa. Alikuwa mdogo kuliko wote mstarini, na kinywani, upande wa juu, palikuwa na pengo la meno mawili yaliyokuwa hayajaota. Wazazi wakacheka, wakidhani ni makosa yatakayosahihishwa mara moja.

“Kumi na miwili?” mkaguzi aliuliza. “Mwalimu, ndivyo?”

Wasikilizaji wapendwa, Yotamu angeweza kusema. Neno moja tu lilitosha. Lakini kusema hapana ni kusema kwamba kitabu kina uongo, na kwamba shule hii ilibaki wazi kwa udanganyifu. Alikuwa na watoto wanne wa kulisha. Alikuwa ugenini. Ukuu wa shule ulikuwa mezani mbele yake.

“Ndivyo ilivyoandikwa, bwana,” alisema.

Lea akapelekwa kushoto. Na wenzake kumi wakaitwa, mmoja baada ya mwingine, wote kushoto. Watoto kumi na mmoja. Kila mmoja akapewa karatasi ya kuondoka shuleni, Yotamu ameandika kwa mkono wake jina na mwaka wa kuzaliwa kwa hesabu ya kitabu, imetiwa mhuri.

Atuganile anasema wiki tatu zile mumewe hakula ugali ukaisha sahanini. Wiki ya nne alidandia lori pale Nyololo, akaenda Iringa, akaingia ofisini kwa mkaguzi akaeleza yote. Mkaguzi alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwuliza swali moja:

“Mwaka ule ulisema wana minane. Leo unasema walikuwa na mitano. Nikuamini lini?”

Alirudi baada ya siku mbili. “Nilimlaki njiani,” anasema Atuganile. “Nikamwuliza, wamekubali? Akasema, wamekubali kwamba mimi ni mwongo. Kuhusu watoto, hawajakubali.”

Kwa hiyo Yotamu akafukuzwa ualimu, na watoto hawakurudishwa. Ukuu wa shule ukaenda kwa mwingine.

Ndugu zake wa Rungwe walimtumia ujumbe arudi nyumbani, huko kuna ardhi na ndizi. Alikwenda Mbeya miezi michache, akapata kazi ya kupima magunia, akaiacha. Alirudi Ihemba. Akalima viazi. Akaanza kuzunguka nyumba za wale watoto kumi na mmoja, akiomba awafundishe bure, jioni, baada ya kazi. Wengine walimkubalia siku mbili tatu. Saulo, baba yake Lea, alimsimamisha mlangoni.

“Umeshamwongezea miaka mitatu,” alimwambia. “Sasa umekuja kumwongezea mingapi?”

Yotamu akageuka akaondoka.

Lakini ile karatasi yenye mhuri haikukaa kimya ndani ya masanduku. Mwaka 1958 mmoja wa wale kumi na mmoja, kijana aitwaye Gideoni, alikwenda Chunya kutafuta kazi kwenye shimo la dhahabu la mtu binafsi. Mwenye shimo alimwona ni mtoto, akataka kumrudisha. Gideoni akatoa karatasi. Karatasi ilisema ana miaka kumi na mitano. Akaandikwa. Miaka yake ya kweli ilikuwa kumi na miwili. Mwezi wa pili tangu aanze kazi, ukuta wa shimo ulimfunika.

Walimzika huko huko. Mama yake, Marta, aliletewa blanketi lake tu. Yotamu alikwenda kwenye msiba akakaa nje, mbali na wanaume wengine, siku tatu. Hakuna aliyemfukuza. Hakuna aliyemkaribisha.

Tukafika mwaka huu, mwezi wa tatu. Mtu mmoja aitwaye Jailos, mwenye umri wa miaka thelathini hivi, alipeleka posa kwa Saulo. Alimtaka Lea. Ng'ombe watatu walishafika zizini. Jumapili, kanisani, Mchungaji Yohane alisimama kutangaza ndoa. Saulo alikuwa amempelekea karatasi, na karatasi ilisema Lea ana miaka kumi na mitano. Lea alikuwa na miaka kumi na miwili.

“Mwenye kujua kizuizi chochote na aseme,” alisema mchungaji.

Yotamu akainuka upande wa wanaume.

“Mchungaji, mtoto huyu ana miaka kumi na miwili.”

Kanisa likazizima. Mtu mmoja nyuma akapaza sauti: “Keti, Mnyakyusa! Hapa si shuleni kwako!”

Saulo naye akasimama, uso umemwiva. “Karatasi iko kwa mchungaji. Umri aliuandika mwenyewe. Au huutambui mwandiko wako, Mwalimu?”

“Nautambua, Baba Lea. Mwandiko ni wangu. Uongo ni wangu. Nilimwongezea miaka mitatu ili shule isifungwe. Waliponiuliza mbele yenu nikaogopa kazi yangu, nikanyamaza. Gideoni amekufa kwa mwandiko huo. Leo sitanyamaza.”

Mchungaji Yohane alitazama huku na huku. Neno la mtu aliyefukuzwa kwa uongo, dhidi ya karatasi yenye mhuri. “Yuko mwingine ajuaye jambo hili?” aliuliza.

Watu wakatazama miguu yao. Walikuwapo pale waliocheka siku ile ya kupima mikono, na walijua.

Ndipo upande wa wanawake akasimama Lusia, mtoto mchanga mgongoni. Hakumtazama mumewe.

“Mimi ndiye niliyemzaa,” alisema. “Ana kumi na miwili. Mwalimu aliandika. Lakini mkono wa mtoto niliuvuta mimi.”

Mchungaji akakifunga kitabu chake. Ndoa haikutangazwa tena.

Msidhani, wasikilizaji, kwamba mambo yaliishia kwa furaha. Ng'ombe walirudishwa kwa aibu. Saulo alimtoa mkewe nyumbani, na Lusia na Lea walikaa kwa dada yake Lusia miezi miwili. Yotamu aling'olewa viazi vyake mistari sita, na mpaka leo hajulikani aliyefanya hivyo. Lwangu hawakumpokea Lea, maana vitabu vyao bado vinasema alipita umri miaka mitatu iliyopita. Na wale wengine? Wanne wanachuma chai Mufindi. Wawili wanachunga. Watatu waliolewa kabla mtu yeyote hajasimama kanisani. Gideoni yuko Chunya, chini ya udongo.

Lea peke yake ndiye aliyerudi kwa Mwalimu. Kuanzia mwezi wa nne alikuja jikoni kwa Atuganile, akafundishwa hesabu za darasa la nne. Yotamu alikuwa tayari anakohoa. Siku ya mwisho walikuwa kwenye kugawanya kwa namba za tarakimu mbili. “Alikosea hesabu moja,” anasema Lea, “nikamsahihisha. Akasema, vizuri, usiniamini mpaka uhakikishe mwenyewe.” Baada ya siku nne alifariki.

Tulimwuliza Marta, mama yake Gideoni, kama ana neno la kusema juu ya marehemu. Alisema: “Nilikwenda kuzika. Nilitupia udongo, nikarudi. Sina zaidi.” Nasi hatukumwuliza zaidi.

Siku ya tatu baada ya maziko, fundi aliyechonga msalaba alikuja kuuliza aandike alizaliwa mwaka gani. Atuganile hakujua. Ndugu waliotoka Rungwe hawakujua. Mzee mmoja akasema, “Andika 1912. Nani atakwenda kuhakikisha?” Fundi akainua brashi.

“Hapana,” akasema Lea. “Msimwandikie msichokijua.”

Watu wazima wakamtazama mtoto huyo wa miaka kumi na miwili. Fundi akateremsha brashi. Msalaba huo upo Ihemba. Una jina la Yotamu Mwaisumo na siku aliyofariki. Upande wa kuzaliwa ni ubao mtupu.

Mama Atuganile, na watoto wako wanne, poleni sana. Mama Marta, pole. Tunajua pole yetu haifiki ulipo. Poleni wazazi wa Ihemba na wa Lwangu. Bwana amlaze mahali pema mtumishi wake.

Na ninyi wasikilizaji wapendwa, walimu, makarani, wazazi mnaoandikisha watoto mwaka unapoanza: kabla hamjalala leo, mtazameni mtoto aliye karibu nanyi, na mjiulize ni nani aliyewahi kumwandika, na aliandika nini. Kama kuna kosa, kuna mtu mahali fulani anayeweza kulisema. Huenda ni wewe unayenisikia.