Gemu la Kumuaga Ambokile

Kijiwe chenyewe ni mbao mbili zilizopigiliwa juu ya matofali nje ya karakana ya Octavian, pale Chang'ombe ya Dodoma, na mgeni asiyejua pa kukaa huwa anakalia msumari. Kahawa ni ya Ulimboka, mtu mzima anayedai yuko kazini ingawa kutwa nzima yuko kwenye ubishi. Octavian ni fundi kompyuta, wanamwita Sanduku, kwa sababu hana imani na kitu kisicho na boksi. Yudith ni karani wa wizara moja kule Mtumba, wanamwita Wingu, maana kila anachonunua kiko mtandaoni na hakuna aliyewahi kukiona kwa macho. Iddy wanamwita Mchotaji, na sababu yake mtaijua muda si mrefu. Wa tano ni Ambokile, afisa mifugo, ambaye Jumamosi hiyo alikaa katikati yao kimya, kikombe mkononi, kama bwana harusi. Alikuwa amehamishiwa Kakonko, mbali huko magharibi. Basi lake lilikuwa linaondoka kesho yake saa kumi na mbili alfajiri.

Kunyamaza kwake hakukuwa kwa hiari. Kijiwe kina sheria mbili za kumuaga mtu. Ya kwanza, anayeagwa hatii neno kuhusu zawadi yake mpaka ipitishwe. Sheria hiyo ilikuja baada ya jamaa mmoja wa idara ya ardhi, alipoulizwa anataka nini, kujibu bila aibu kwamba anataka friji. Ya pili, zawadi hainunuliwi mpaka wote wakubaliane. Kura hazipigwi. Anayepinga asikilizwe mpaka achoke.

Zawadi yenyewe ilishapita tangu Jumatano: gemu la mpira, toleo la mwaka huu. Hapo hapakuwa na ubishi. Kwa miaka mitatu kila Jumamosi walikuwa wanalicheza toleo la zamani humo humo karakanani, kwenye kompyuta ya Ambokile, wawili wawili, anayefungwa anaamka kumpisha mwenzake. Lililobaki lilikuwa dogo tu: linunuliwe wapi.

— Saa kumi na nusu hii, alisema Octavian. Jamaa yangu wa Majengo anafunga saa kumi na mbili. Nikimpigia sasa hivi, sidii inakuja na bodaboda, imo ndani ya boksi lake, ina nailoni yake haijachanwa. Mtu anaagwa na kitu cha kushika mkononi.

— Boksi mwaka huu, kaka? alishangaa Yudith. Nabonyeza hapa kwenye simu, tumeshanunua. Kompyuta inakuja kwangu, nina intaneti ya waya. Nikianza sasa hivi, alfajiri GB tisini zote zimeshuka. Anaondoka nalo, na huko hahitaji mtandao tena.

— Umelinunua wapi sasa?

— Mtandaoni.

— Mtandaoni ndiyo wapi? Kuna mlango? Kuna mtu kakaa? Likizingua unamrudishia nani?

— Na wewe huyo jamaa yako wa Majengo, ulishawahi kumrudishia kitu akapokea?

Kijiwe kikacheka. Octavian akachukua kashata akaitafuna taratibu, kwa sababu kila mtu alikumbuka ile kibodi isiyo na herufi M aliyouziwa na jamaa huyo huyo.

— Nyie mnanichekesha, alisema Iddy. Mnabishana utadhani gemu ni kitu cha kununua. Binamu yangu Denis ana eksteno, ile diski ya kuchomeka nje, imejaa magemu mpaka imevimba. Unapeleka flashi, anachota, anakumiminia. Ndani ya kikombe kimoja cha kahawa umeshamaliza.

— Huo ni wizi, Iddy, alisema Yudith.

— Wizi ni ukichukua kitu mwenyewe akabaki mikono mitupu. Mwenye gemu si bado analo?

— Tumuage mtumishi wa serikali na mali ya wizi! Octavian alipandisha sauti. Akikaguliwa njiani?

— Wamkague wapi? Wasimamishe basi, waseme afisa mifugo shuka, fungua hilo gemu tulione?

Ambokile alicheka mpaka kahawa ikamwagikia suruali. Akafungua mdomo ili aseme kitu.

— Anayeagwa, kimya! alifoka Ulimboka, akamwongezea kahawa ili mdomo upate kazi.

Octavian alikuwa amesimama sasa, na Octavian akisimama ujue hoja imefika mbali.

— Nisikilizeni. Huyu Yudith anayo magemu mangapi huko mawinguni? Mia mbili. Siku mwenye kampuni akiamka vibaya, amegombana na mkewe, chai haina sukari, anabonyeza kitufe kimoja tu. Mia mbili yote yamekwenda. Utamfuata wapi? Una anwani yake? Wewe umenunua ruhusa ya kuangalia, mwenzangu. Mimi sidii yangu iko kabatini. Mwenye kampuni aje Chang'ombe aichukue, anikute.

— Aje afuate sidii yako ya mwaka gani? Yudith naye akasimama. Vumbi la Dodoma linaingia mpaka ndani ya yai, halitaingia kwenye sidii? Juzi umeweka moja, kipa akawa anatembea bila kichwa!

— Yule kipa alikuwa na kichwa. Kilichelewa tu kufika.

— Na hizo boksi zenyewe siku hizi hazina kitu. Unachana nailoni, unakuta karatasi ina namba. Karatasi inakwambia nenda mtandaoni ukashushe! Umenunua safari ya kurudi kwangu.

— Hizo ni feki.

— Ndizo halisi!

— Basi nitaitikisa kwanza nisikie kama kuna kitu ndani.

— Itikise. Halafu hiyo sidii unaiingiza wapi? Kompyuta ya Ambokile haina hata tundu la sidii.

Ambokile, mwenye kompyuta, alitikisa kichwa kukubali kwamba kweli haina, na Ulimboka akamtolea jicho, kwa kuwa hata kutikisa kichwa ni kusema.

— Nitatoboa, alisema Octavian.

— Utatoboa nini?

— Tundu. Mimi fundi bwana. Tundu ni kitu gani? Nilete drili hapa.

Ambokile alitupa jicho karakanani, ilipokuwa kompyuta yake imeshafungwa blanketi na kamba, tayari kwa safari. Alimwomba Mungu drili isiwe na umeme.

Ikawa zamu ya Iddy, na Iddy haachi kitu kidogo kikabaki kidogo.

— Mimi nimefanya utafiti. Nilichukua kompyuta yangu ikiwa tupu, nikaipeleka bucha kwa Nathanaeli, tukaiweka kwenye mizani. Nikaenda kwa Denis, akanimiminia magemu kumi na mbili. Nikarudi bucha. Tukapima tena.

— Ikaongezeka, alisema Ulimboka, macho yamemtoka.

— Ikapungua!

— Acha bwana!

— Ikapungua robo kilo. Sasa mjiulize. Gemu la kuchota ni jepesi, linakusaidia kubeba. Huyu mtu anasafiri na mizigo, mnataka kumwekea gemu la kulipia limkate mabega?

— Robo kilo hiyo Nathanaeli ndivyo anavyotuibia nyama, alisema Yudith, lakini hakuna aliyemsikiliza, kwani Ulimboka alikuwa ameweka birika chini. Akiweka birika chini, mzee anatoa mada.

— Vijana, mnapiga kelele wala hamjui mtandao ni kitu gani. Mtandao ni upepo. Haya, upepo wa Dodoma hii unatoka wapi unakwenda wapi? Unakwenda Msalato. Na Msalato wamejenga nini? Uwanja wa ndege. Ndege ikipaa inavuta upepo, ndiyo maana inakaa juu. Kwa hiyo Yudith, ukianza kushusha gemu lako, GB arobaini zinafika kwako, hamsini zinapanda ndege.

— Zinakwenda wapi, mzee?

— Ndege inakokwenda. Kuna mtu huko sasa hivi ana nusu ya gemu na hajui katoa wapi.

Iddy alianguka kutoka kwenye mbao. Yudith alijifunika uso na mtandio, mabega yanamtikisika. Hata Octavian, ambaye kwa kawaida hacheki hoja isiyo yake, alijishika kiuno akaegemea mlango wa karakana, machozi yanamtoka. Ulimboka peke yake ndiye hakucheka. Alishika birika lake na kuendelea kumimina, mtu mwenye elimu yake.

Ambokile aliwaangalia, mbavu zinamuuma, na moyo wake ukajaa furaha hata akaogopa. Nimwambie ukweli msomaji: gemu lenyewe hakulitaka. Tangu Jumatano alikuwa anaomba kimoyomoyo wasikubaliane. Wakiendelea kubishana, jioni ile ilikuwa Jumamosi tu, sawa na Jumamosi nyingine zote. Wakikubaliana, zingefuata hotuba, zikafuata pole na safari njema, kisha kila mtu angekung'uta suruali akaenda kwake. Yeye alikuja Dodoma hajui mtu hata mmoja, akakaa kwenye mbao hii siku ya kwanza, akachomwa na msumari, na watu hawa hawa wakamcheka. Alikuwa anawapenda, na hakuwahi kupata namna ya kuwaambia.

Saa kumi na moja na nusu akaja dada mmoja na mkoba begani, akatua mbele ya mbao.

— Shikamoo mzee. Habari zenu, jamani. Namtafuta kaka Ambokile. Mimi ndiye Sabrina, ninayehamia kwenye kile chumba chake. Mama mwenye nyumba kaniambia funguo anazo yeye, na kwamba nitamkuta kwenye kelele.

— Marahaba, binti. Kaa, ila huko mwisho pana msumari, alisema Ulimboka, akampa kikombe. Anayeagwa haruhusiwi kusema, kwa hiyo funguo utapewa kimyakimya.

Ambokile akatoa funguo mfukoni akampa. Sabrina akazipokea, akakaa, akasikiliza. Wakamweleza kesi kwa pamoja, wote wanne, kila mmoja anamkatiza mwenzake. Yudith akamwambia ya waya. Octavian akamwambia ya boksi na drili. Iddy akamwambia ya mizani. Ulimboka akamwelekeza Msalato ilipo kwa kidole. Yule dada alikuwa msikivu kweli, hakucheka hata mara moja, alitikisa kichwa tu na kupuliza kahawa yake.

— Sasa wewe mgeni, huna upande, alisema Octavian. Amua. Tununue wapi?

— Mimi sijui mambo ya magemu, kaka. Nilitaka kuuliza kitu kimoja tu. Hilo gemu linachezwa na watu wangapi?

— Wawili! walijibu wote.

— Aa. Na huko Kakonko, wa pili wake nani?

Octavian alirudi kwenye mbao, akakaa. Yudith alitaka kusema angecheza nao kupitia mtandao, akakumbuka Ambokile alichoambiwa na wenzake wa huko, kwamba mpaka upande kichuguu ndipo simu ishike. Iddy aliinama akaanza kufunga kamba za viatu, na alikuwa amevaa ndala. Ulimboka alimimina kahawa kwenye kikombe kilichojaa, ikafurika, ikamfikia vidoleni, akaendelea kumimina.

Sabrina akaona kavunja kitu, ila hakujua ni kipi.

— Samahani, alisema. Nimeuliza vibaya?

— Hapana, dada, alisema Octavian. Umeuliza vizuri.

Barabarani ilipita bajaji imebeba godoro. Wote waliitazama mpaka ikakata kona, utadhani hawajawahi kuona godoro. Octavian alitoa simu, akaangalia saa. Ilikuwa kumi na mbili kasorobo. Jamaa wa Majengo alikuwa bado hajafunga, na kila mtu pale alijua hivyo.

— Mimi naona, alisema polepole, hili jambo tusiliharakishe. Tununue kesho.

— Kesho, alidakia Yudith. Kesho ndiyo vizuri. Tutakuwa na muda wa kutosha.

— Kesho kabisa, alisema Iddy kutoka chini kwenye ndala zake. Hata Denis leo hayupo.

— Kijiwe kimekubaliana, alisema Ulimboka, akaweka birika chini. Wote. Bila mpinzani.

Haikuwahi kutokea. Miaka yote hiyo walikuwa hawajawahi kukubaliana hata juu ya siku gani mvua ilinyesha. Tiketi ya Ambokile, ya alfajiri ya kesho hiyo hiyo, wote walikuwa wameiona, maana mchana ilizungushwa mkono kwa mkono ili kila mmoja asome namba ya kiti na kuilaumu.

Jambo likishapita, sheria inamruhusu anayeagwa kusema. Wakamgeukia. Ambokile alijifuta macho kwa kiganja, akasogeza kikombe chake kwa Ulimboka ajaziwe.

— Kesho sawa, alisema. Nitakuja mapema.