Mama Honi Anaachia Usukani

Baada ya miaka ishirini na tisa ya utumishi, dereva wa gari letu la maktaba anastaafu rasmi tarehe thelathini Juni. Jina lake kamili limo kwenye kumbukumbu za ofisi, lakini ukiliita uwanjani hageuki mtu, pengine hata yeye mwenyewe. Sote tunamwita Mama Honi. Jina hilo hakutunukiwa. Alilichuma kwa kelele, na mimi niliyekaa kiti cha pembeni yake miaka mingi nikiazimisha watu vitabu nilikuwepo siku alipolichuma. Nitafika huko.

Alianza hapa kama mhudumu wa usafi. Wakongwe wanakumbuka alivyokuwa akipangusa rafu huku akisoma majina ya vitabu kwa sauti ya chini, na kitabu chenye jina zuri kilipanguswa muda mrefu kuliko vingine. Dereva aliyemtangulia alipoumwa mgongo, uongozi ukauliza nani ana leseni. Mkono ulionyooka ulikuwa bado umeshika kitambaa cha vumbi. Kumbe jioni zake zote alikuwa akijifunza udereva kwenye gari la kaka yake la kubebea mbao, na hakumwambia mtu.

Gari alilokabidhiwa lilikuwa limekwisha kula chumvi nyingi. Ni basi dogo lililong'olewa viti na kuwekwa rafu. Usukani wake ulikuwa mtupu: honi katikati, basi. Redio, simu ya garini na swichi ya kipaza sauti cha nje, kile kinachotangaza mtaani kwamba maktaba imefika, vyote vilikuwa chini karibu na goti la dereva. Ili kuvifikia ilibidi ainame na mkono mmoja utoke usukani.

Siku moja ya mvua aliinama kupunguza sauti ya tangazo, na alipoinua macho kulikuwa na mwendesha baiskeli mbele yetu, amempakia mwanawe nyuma. Alikanyaga breki kwa nguvu zote. Vitabu vilimwagika kutoka rafuni, kamusi moja ikanitua begani, lakini baba na mwana walipita salama na hata hawakujua kilichowakosa. Mama Honi alizima injini akakaa. Kisha akawasha tena, akaendesha polepole mpaka maktaba, mikono yote miwili usukanini. Tulipofika aliniambia kwamba mkono wake hautatoka tena usukani gari likiwa kwenye mwendo.

Nilidhani anakula kiapo cha hofu tu. Kumbe alimaanisha. Wiki hiyo hiyo alikwenda kwenye uwanja wa magari mabovu, akarudi na vitufe alivyochomoa kwenye usukani wa gari dogo lililokufa, pamoja na kikombe cha plastiki kilichokaa nyuma yake. Ndani ya kikombe hicho kuna utepe wa waya uliojiviringisha, unaokunjuka na kujikunja kila usukani unapozunguka, ili umeme upite bila waya kukatika. Hayo yote alijifunza kwa fundi redio wa mtaani kwake na kwa video za kwenye simu, akizisimamisha na kuzirudia mpaka nyumba nzima ikakariri maneno ya mwalimu.

Karakana yake ilikuwa meza ya kulia chakula. Mume wake, fundi cherehani, alivumilia moshi wa kulehemu na rezista, vile vidude vidogo vya umeme, zilizotapakaa kama punje za mchele, akaomba tu kwamba walau ibaki nafasi ya sahani mbili. Alipoona mambo yameiva, naye akaingia kazini: alishona gamba la ngozi la kuvalisha usukani, lenye matundu yaliyolingana barabara na vitufe. Gamba hilo lipo mpaka leo na halijafumuka mshono hata mmoja.

Sasa tufike kwenye jina. Alikata betri, akafunga kila kitu mahali pake, akairudisha betri, akajaribu vitufe, vyote vikaitika. Kwa furaha akawasha gari, akakata kona yote ili atoke uwanjani. Jambo moja alikuwa amelisahau: utepe ule hufungwa ukiwa katikati ya mzunguko wake, ili uweze kwenda kulia na kushoto sawasawa. Yeye aliufunga ukiwa mwishoni. Ulivutika, ukakatika, ncha ya waya ikagusa chuma, na honi ikaanza kulia bila kukoma.

Ilikuwa mbele ya chumba cha kusomea, wanafunzi wakijiandaa kwa mitihani, chini ya kibao kikubwa kinachoomba ukimya. Mkutubi Mkuu wetu, mama ambaye ametumia maisha yake kuwasihi watu wanong'one, alitoka barazani akasimama na mkono mdomoni kwa mazoea, kana kwamba gari nalo litaona aibu. Boneti iligoma kufunguka. Betri ilipofikiwa hatimaye na honi ikanyamaza, wanafunzi walikuwa wamejaa madirishani wakishangilia, naye alikwisha kubatizwa jina. Mkutubi Mkuu hakumfokea. Alipiga tu marufuku honi ya aina yoyote ndani ya uwanja, na amri hiyo ilidumu mpaka wiki iliyopita.

Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Alitafuta utepe mwingine, na tangu hapo kila alipofungua usukani alikizungusha kikombe mpaka mwisho, akakirudisha mpaka kati, na hapo kati alipaka mstari mwekundu wa rangi yake ya kucha. Mstari ukielekea juu na matairi yakiwa yamenyooka, unafunga. Usipoelekea juu, unaanza upya. Hakuna gari jingine mjini lenye kucha iliyopakwa rangi, alipenda kusema.

Haikuwa kosa lake la mwisho, na nikilificha la pili wasomaji wa njia yetu wataniumbua. Kuna siku kisanduku alichokiunda mwenyewe, kinachotambua kitufe gani kimebonyezwa, kilichanganya simu na kipaza sauti cha nje. Tukiwa tumeegesha, foleni imetulia, mume wake alipiga simu na mtaa mzima ukamsikia akiuliza kwa unyonge mfuniko wa sufuria ndogo umewekwa wapi. Watu wakamjibu kutoka madukani, kila mmoja na kabati lake. Mpaka leo kuna bibi kwenye nyumba ya wazee ambaye hachukui kitabu kabla ya kuuliza kama mfuniko ulipatikana. Ulipatikana.

Lakini tangu vitufe vile vifanye kazi sawasawa, mkono wake haujatoka usukani kwenye mwendo. Kidole gumba kimoja kinatangaza, kingine kinapokea simu, macho yako barabarani. Hatujagonga mtu, hatujagongwa, na njia yetu imerefuka mpaka kwenye nyumba ya wazee na shule iliyo ng'ambo ya daraja, mahali ambapo kitabu hakifiki ila kwa gari hili. Najivuna kusema nilikaa kiti cha pembeni ya dereva huyu.

Ndiyo maana kikao cha mwezi wa tatu kilituumiza. Mkuu wa usafirishaji, ambaye si mtu mbaya, alisema jambo lenye mantiki: waya za usukani huu anazielewa mtu mmoja, na mtu huyo anaondoka. Likiharibika, nani atalifungua? Alipendekeza gari listaafu pamoja na dereva na liuzwe kama chuma chakavu, na wasomaji wa ng'ambo ya daraja waje wenyewe mjini. Sote tulijua hawatakuja. Wazee wale hawapandi hata ngazi za baraza yao. Tulitazamana, kisha tukamtazama yeye.

"Mimi nimechoka, sikatai," alisema. "Gari halijachoka. Nipeni mtu mmoja nimfundishe. Akishindwa, liuzeni."

Akapewa mama mmoja aliyekuwa akiendesha lori la maji, mtu wa maneno machache na mikono mipana. Waliketi kwenye ile meza ya kulia, na mume akapoteza tena nafasi ya sahani yake. Mkuu wa usafirishaji aliweka sharti: dereva mpya afungue usukani wote na kuurudisha peke yake mbele ya watumishi, Mama Honi asiguse kitu wala asitamke neno. Kitufe kimoja kikigoma, gari linakwenda kwa wauza vyuma.

Hiyo ilikuwa Jumatano iliyopita, pale pale mbele ya chumba cha kusomea. Mama Honi alisimama mbali ameshika mikono yake nyuma, mkono mmoja ukiuzuia mwingine. Dereva mpya alikata betri, akafungua, akatoa, akasafisha, akaanza kurudisha. Kikombe kilipoingia, mstari mwekundu ulikuwa umeelekea pembeni. Mimi niliuona. Mama Honi aliuona kabla yangu, maana alifumba macho. Dereva mpya akachukua usukani, akaupandisha, akaanza kukaza nati. Kisha akasimama. Akautazama usukani kama mtu aliyekumbuka jiko limewaka nyumbani. Akaulegeza, akautoa, akakizungusha kikombe mpaka mstari ukaelekea juu, ndipo akafunga.

Alikata kona yote kulia, kisha yote kushoto. Kimya. Akabonyeza kitufe kimoja kimoja: redio ikaitika, simu ikaitika, tangazo likatoka. Kilibaki cha honi, na hakuna aliyethubutu, kwa sababu ya ile amri. Ndipo Mkutubi Mkuu akashuka kutoka barazani.

"Pigeni honi," alisema. "Mara moja tu."

Ikalia mara moja, ikanyamaza ilipotakiwa kunyamaza. Mama Honi alilia waziwazi na hatukumwonea aibu, kwa kuwa nasi tulikuwa katika hali hiyo hiyo. Mkuu wa usafirishaji ndiye aliyeanza kupiga makofi.

Chanda chema huvikwa pete. Sisi ni maktaba, pete hatuna. Lakini tumegundua kwamba mtu aliyewapelekea wengine vitabu miaka yote hii hakuwahi kujiandikisha kuazima hata kimoja. Alikuwa akivisoma garini akisubiri foleni iishe. Kwa hiyo tumemtengenezea kadi ya msomaji, na mtaa wake umeingizwa kwenye njia ya gari kila Jumatatu asubuhi.

Mama Honi, ahsante kwa safari zote, na kwa baba na mwana wale wa baiskeli ambao hawatajua kamwe kukushukuru. Afya iwe nawe, amani ikae nyumbani kwako, na mumeo apate meza yake yote. Ulituambia daima mkono usitoke usukani gari likiwa kwenye mwendo. Leo gari liko kwenye mwendo, na sasa unaweza kuitoa mikono yako. Jumatatu ukisikia honi mlangoni, toka na kadi yako.