Remei Puigferrat na Ramani Kali ya Mwaka 2012

Jumatatu, tarehe 30 Juni 2025, Remei Puigferrat atafunga droo ya meza yake kwa mara ya mwisho, baada ya kukitumikia kiwanda chetu cha Serrabruna kwa miaka arobaini na mitatu na miezi minne. Katika muda huo ameaga wakurugenzi watano, amebadilisha miwani mara tisa, na hajachelewa hata siku moja kwenye mkate wa nyanya na soseji wa saa tatu na nusu asubuhi. Mashine zinaweza kusubiri, soseji haisubiri.

Assumpta wa ofisini, mhariri wa jarida hili, ndiye aliyeniomba wasifu huu kwa kuwa nimekaa meza ya jirani na Remei miaka kumi na miwili. "Ukurasa mmoja, Jofre," akanionya. "Uchangamke. Hatutaki machozi." Nikamwahidi. Ukurasa umeshazidi kidogo, na hayo mengine tutaona.

Remei aliingia hapa Machi 1982 kuosha kabureta. Wakati ule tabia ya injini ilichaguliwa kwa mkono. Ulikuwa na jeti za shaba, vijitundu vya kupitishia petroli, kubwa kwa ndogo, na ukitaka pikipiki itumie petroli kidogo au ipumue vizuri huko juu milimani ambako hewa ni nyepesi, ulifungua kabureta ukabadilisha jeti. Remei aliziweka zake kwenye kopo la biskuti. Wazee wa karakana wanasimulia kwamba alikuwa akichomoa plagi, anainusa, kisha anatia kidole koponi na kutoa jeti inayotakiwa bila kusoma namba. Mimi sikuyaona hayo. Lakini nimemwona akigundua kwa kusikia tu, huku mdomo umejaa mkate, kwamba pikipiki inayopita nje ina plagi mbovu, kwa hiyo naamini.

Mwaka 2005 ikaja injini ya mapigo manne yenye kompyuta, na karakana nzima ikanuna. Walizoea mapigo mawili, mepesi na yenye kelele za nyuki. "Hiki si chombo," walisema, "ni kikokotoo chenye magurudumu." Remei alikuwa na miaka arobaini na mitano na hajawahi kugusa kompyuta. Akaazima kitabu kwa mpwa wake, akakisoma jalada hadi jalada, akarudi akasema kitabu hakina lolote ila picha ni nzuri.

Injini ile ilikuwa na ugonjwa mmoja mbaya. Mchezo wetu, kama kuna msomaji aliyeoa juzi katika familia ya kiwanda na bado hajaeleweshwa, hauna mbio hata kidogo. Unapanda miamba polepole kwa pikipiki, kituo baada ya kituo, kila mguu ukigusa chini unahesabiwa pointi, ukianguka ni tano, na mwenye pointi chache ndiye mshindi. Sasa fikiria umesimama juu ya jiwe, injini inanguruma taratibu, unavuta mafuta ghafla uruke jiwe la pili, halafu injini inakohoa mara moja na kuzima. Unaporomoka nayo. Remei alipambana na kikohozi hicho majira mawili ya baridi, akisogeza muda wa cheche na kiasi cha petroli nukta kwa nukta, hadi kikaisha. Lo, siku kilipoisha alicheza na mashine ya kupimia nguvu kama vile ni mwanamume harusini.

Kutokana na kazi ile zikatoka ramani mbili, ndivyo tunavyoyaita maagizo inayopewa kompyuta ya injini. Ramani laini ni ya mvua na matope, nguvu inakuja kidogokidogo ili tairi lishike. Ramani kali ni ya mwamba mkavu na ngazi ndefu za mawe, pale unapohitaji teke. Kwenye usukani kuna swichi: kushoto laini, kulia kali. Kujaribu laini, Remei hakumwita bingwa yeyote. Alimwita Engràcia, mpishi wa kantini, ambaye hajawahi kuendesha hata baiskeli. Engràcia akiweza kuondoka bila injini kuzima, ramani imeiva. Siku moja mtu alisahau swichi upande wa kali, na Engràcia na aproni yake wakaingia moja kwa moja kwenye rundo la maboksi. Alitoka ameshika mwiko. Tangu hapo vijana wote waliita ramani laini "ramani ya Engràcia", na hakuna mpanda pikipiki aliyetaka kuonekana nayo hadharani.

Mmoja wa wapumbavu hao alikuwa mimi. Nilipandia timu ya kiwanda misimu saba. Na kwa miaka yote ile Remei alikuja kila Jumapili kwenye mashindano, na koti lake la kijani na kompyuta kwenye mfuko wa plastiki. Kazi za wiki alizifanya kwa mshahara, Jumapili alizifanya kwa furaha. Alikuwa akitembea njia yote na sisi, anapapasa kila mwamba kwa kiganja, anabishana na waamuzi, anagawa soseji. Sijaona mtu aliyeipenda siku ya mashindano kuliko yeye.

Oktoba 2012 tulikuwa na mashindano ya mwisho wa msimu. Fortià, mkuu wa timu, alikuwa amenipa habari zangu mapema: "Ukiingia tano bora, mkataba unaendelea. Usipoingia, nafasi nampa mwingine." Mvua ilianza alfajiri. Remei akapapasa jiwe la kwanza, akafuta kiganja kwenye koti.

"Laini, Jofre."

"Umati wote huu, nipande na ramani ya Engràcia? Wanicheke mpaka Krismasi?"

"Wacheke. Utakuwa unawasikiliza ukiwa umesimama, wao wanakuona hujaanguka."

"Nimesema kali, Remei. Anayepanda ni mimi."

Na ndiyo sheria yetu, anayechagua ramani ni mpandaji, fundi anatoa ushauri na kunyamaza. Remei akafungua mwavuli. Akachomeka kompyuta yake chini ya mwavuli, akasema anakagua tu joto la injini, akachomoa, akanipiga begani. Nikasukuma swichi kulia nikaenda.

Jamani, siku ile nilipanda! Miamba inateleza kama sabuni na mimi napita tu. Vituo kumi na kimoja, pointi tatu tu. Nilikuwa wa pili. Kila nikimaliza kituo namgeukia Remei na kujigamba, "Unaona? Kali hiyo! Nyie mafundi mnaogopa maji!" Yeye anatabasamu, anaangalia chini.

Adhuhuri jua likatoka kali, na kituo cha kumi na mbili kilikuwa ukuta wa jiwe wenye urefu unaonizidi, nao ukakauka mbele ya macho yetu. Nilikuwa tayari nimejipanga, mwamuzi anaangalia saa, nikamwona Remei anapanda kilima mbio, matope hadi magotini, pumzi hana. Akasema mbele ya Fortià, mbele ya mwamuzi, mbele ya watu mia tatu.

"Jofre, mwanangu, nimekudanganya. Asubuhi nilizigeuza ramani. Toka asubuhi unapanda na laini. Hapa laini haitakufikisha. Sukuma swichi kushoto, kali iko kushoto."

Watu wakaangua kicheko. Mimi masikio yakawaka moto.

"Toka mbele yangu," nikamwambia.

Nikaenda, nikaanguka nikiwa nimebakiza shubiri moja tu kufika juu. Pointi tano. Nilimaliza wa sita, na mkataba ukaishia pale pale kwenye majani.

Jioni ile Remei alikuja nilipokaa, akauliza jambo moja tu. "Swichi uliisukuma?"

"Niliisukuma," nikajibu.

Akatikisa kichwa, akasema, "Basi ni ramani yangu. Kali yangu ilikosa nguvu." Kompyuta za pikipiki za wakati ule hazikuweka kumbukumbu ya kitu kama hicho, na hakuna aliyemuuliza zaidi.

Wiki iliyofuata alikwenda kwa Fortià akamwambia kosa ni lake, na akaomba mimi nipewe kazi karakanani, meza ya pembeni yake. Akanifundisha kila kitu ninachokijua. Lakini kwenye mashindano hakwenda tena. Miaka kumi na miwili na miezi minane, hata Jumapili moja. Tukimbembeleza anasema, "Mkono wangu ulimnyima mtu riziki, nendeni nyie." Katika muda huo ramani zake zimetupa ubingwa wa nchi mara nne, na habari zote nne amezipokea kwa simu, yuko nyumbani anakaanga vitunguu.

Mwezi uliopita alikuwa ananikabidhi madaftari yake. Akafika kwenye lile la 2012, akalishikilia. "Hili naenda nalo nyumbani," akasema. "Nitakuwa na muda sasa. Ile kali bado sijaelewa ilikosa nini." Nilijaribu kumwambia pale pale, na kesho yake, na kesho kutwa. Kila mara nikifungua mdomo ananitia mkate. Nisimsingizie, ukweli ni kwamba niliogopa. Ndiyo maana naandika jaridani, likishachapwa siwezi kulifuta, na nimemwomba Assumpta asiniulize chochote.

Jumapili iliyopita niliitoa ghalani pikipiki ile niliyoanguka nayo, nikaitia ramani kali ya 2012 kama ilivyo katika daftari lile, ambalo nililichungulia kwenye droo yake, bila kubadilisha nukta, nikaenda nayo hadi ukuta ule wa kituo cha kumi na mbili. Jua lilikuwa kali, jiwe kavu. Nina miaka arobaini, goti moja bovu na kitambi. Ilipanda mara ya kwanza. Nikashuka, nikarudia, ikapanda tena. Nikakaa juu ya lile jiwe nikalia kama mtoto, samahani Assumpta.

Remei, daftari liache. Ramani haina kosa, na haikuwahi kuwa nalo. Mkono ulioninyima riziki ni wangu. Siku ile nilikuwa na hasira na aibu, nikaona unanichezea tena, nikaiacha swichi kulia. Sikuisukuma. Ulipouliza nilikudanganya, na uongo wangu umekula Jumapili zako zote hizi. Wako ulidumu asubuhi moja, nao ulikuwa wa kuniokoa.

Kwa niaba ya karakana, kantini na ofisi, asante kwa miaka arobaini na mitatu. Tunakuombea afya, miguu yenye nguvu na uzee wenye vicheko. Mimi sina haki ya kukuomba kitu, lakini Jumapili ya tarehe 6 Julai kuna mashindano, na saa kumi na mbili asubuhi nitakuwa na gari mlangoni kwako. Ukitaka kunitukana njia nzima, ni mwendo wa saa mbili, muda utatosha.