Njia ya Dereva

Benchi la kahawa lilikaa mbele ya kibanda cha kinyozi, ukingoni mwa mtaro mpana wa maji machafu. Ng'ambo ya mtaro aliishi Dereva, aliyeumia uti wa mgongo kazini, na tangu hapo akawa mtu wa kiti cha magurudumu. Kinyozi, swahiba wake wa tangu utotoni, alimpungia mkono kila asubuhi, akamtumia salamu kwa wapita njia, akaona amemaliza wajibu wake. Wiki hiyo wanafunzi wa chuo kikuu walikuwa wameuvamia mtaro, mara wanapima, mara wanachanganya zege, na kijiwe hakikuwa na habari nyingine.

— Hawa wamefukuzwa chuo, alisema Spika, ambaye hakuna aliyewahi kumnyamazisha. Msomi gani anashika koleo?

— Wanasomea ujenzi, Kinyozi akamjibu. Wameambiwa ya darasani wayafanye mtaani.

— Usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawa wanajenga. Basi kuna ufa wanatuficha.

Profesa, fundi baiskeli ambaye shule aliiona kwa nje tu, akashusha kikombe.

— Si ufa, ni mafuta. Kile kidude chao kinanusa mafuta ardhini.

— Kile ni cha kupimia usawa, kaka, Kinyozi akasema.

— Kikulacho ki nguoni mwako, Profesa akashikilia. Umeviona vizibao vyao? Vyote njano. Satelaiti inavisoma.

Mama Kahawa, aliyekuwa akiwamiminia, akacheka mpaka akaimwaga kahawa. Lakini Kinyozi alikuwa amewatazama vizuri wale vijana. Mwanzoni walijenga njia fupi ya kuvukia mtaro, yenye mwinuko mkali, na msichana aliyewaongoza akamwomba Dereva aijaribu. Mikono ikamshinda katikati. Msichana hakubishana, alimuuliza ni wapi hasa palipomchosha, akasikiliza, kisha akawaambia wenzake wabomoe. Kinyozi akawaona wakivunja jasho lao wenyewe bila kununa, wakaanza upya, njia ndefu zaidi, ya taratibu. Wembe ulimsimama mkononi.

Zege lilipokauka, Dereva alitoka kwake, akashika magurudumu, akavuka. Hakuna aliyemsukuma. Alifika anahema, uso umelowa, anatabasamu.

— Shikamooni, akasema msichana nyuma yake, viatu vimeganda saruji.

— Marahaba, mwanangu, akajibu Spika, safari hii kwa sauti ya chini. Kweli mmesoma.

— Asanteni. Naomba kuuliza. Kabla ya njia hii, mlikuwa mnamvusha vipi aje anywe kahawa?

Spika akainama kufuta vumbi kwenye kiatu. Profesa akachungulia kikombe kitupu. Kinyozi akamtazama rafiki yake, akaona kichwa kimejaa mvi. Kwa ng'ambo ile hazikuwa zikionekana.

— Waache, binti, Dereva akasema. Nyie, nipisheni nikae.

Kinyozi akainuka, akashika ncha ya benchi, akalivuta pembeni.